Nyumba ya Kitangiri bado haijauzika

Kitangiri, Mwanza
21 Septemba 2025

Ndugu yangu Mwalimu Kaijage,

Pokea salamu zangu na za Mama Neema, na tafadhali umfikishie shemeji pamoja na watoto. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeanza kugombana na ngazi za Kitangiri. Katika barua yako umeuliza kama tumekwisha kuhamia Sengerema, na ukadokeza kwamba wewe nawe unafikiria kuiuza nyumba ya Nyamukazi, hapo Bukoba. Jibu la swali lako ni fupi: hatujahama, kwa sababu nyumba haijauzika. Hilo la Nyamukazi ndilo lililonifanya niache simu na kushika kalamu, kwani yaliyotupata tangu tuitangaze nyumba hii hayaelezeki kwa muda wa maongezi wa vocha moja.

Watu hudhani kwamba nyumba hukawia kuuzika kwa sababu bei ni kubwa au wateja ni wachache. Kwetu wateja hawajakosekana. Mjini ni karibu, maji ya bomba yapo, umeme upo, na ukikaa barazani unaliona ziwa lote hadi visiwani. Kinachotukawiza ni kwamba kila mteja huja na mashaka yake mapya, nasi hulazimika kuyatibu kuanzia mwanzo. Mteja wa kwanza akisharidhika kwamba wewe ndiwe mwenye nyumba, kwamba mkeo amekubali, kwamba haidaiwi popote na jirani hana kesi nawe, kisha akaghairi kwa sababu zake mwenyewe, kuridhika kwake hakumsaidii mteja wa pili hata kidogo. Unarudi ulikoanzia, na vielelezo vilevile, mbele ya mtu mwingine anayekutazama kwa jicho lilelile la wasiwasi.

Kwa upande wetu wasiwasi huo una chanzo kinachoonekana kwa macho. Utakumbuka kwamba nilipokuwa nafundisha Geita nyumba hii tuliipangisha, na katika kipindi hicho akatokea tapeli aliyejifanya mwenye mali, akaionyesha kwa mtu na kupokea kishika uchumba. Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule alitushauri tufanye kama wanavyofanya wenye nyumba wengi nchini, yaani tuandike ukutani. Fundi akaandika kwa rangi nyekundu ya mafuta, herufi za urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Sasa tunapotaka kuiuza, maandishi hayo yamegoma kuondoka. Tumepaka chokaa, yakajitokeza. Tumepaka rangi ya maji, yakajitokeza tena, na jua la saa kumi likiupiga ukuta ule, neno HAIUZWI linasomeka vizuri kabisa, hasa kwa mtu aliyekuja kununua. Kila anayeliona huniuliza kwa adabu, “Mzee, hakuna kesi hapa?” Nami naeleza habari ya Geita kutoka mwanzo hadi mwisho, na mteja anaitikia, kisha akitoka hapa anakwenda moja kwa moja ofisi ya mtaa kuulizia. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Ofisi ya mtaa nayo ina mambo yake. Nilidokezewa kwamba ipo desturi ya muuzaji kuacha pale asilimia 10 ya bei. Niliomba nionyeshwe kifungu cha sheria kinachosema hivyo, na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa. Wewe nawe ukidokezewa jambo hilo, uliza kifungu.

Madalali sitawaandikia mengi, kwa maana unawajua. Mimi nilitaja shilingi milioni 65. Dalali mmoja akaweka cha juu na kuitangaza kwa 80, mwingine, ambaye hata sijamtuma, akaitangaza kwa 58 na kuongeza “maongezi yapo”, na picha zilizozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp zote zilipigwa kwa upande usioonyesha jiwe kubwa la kiwanjani. Matokeo yake ni kwamba mteja makini, akikuta nyumba moja ina bei tatu, anaamua kwamba hapo pana udanganyifu, na hata simu hapigi.

Jiwe lenyewe unalifahamu, kwa kuwa tulikuwa tukilikalia tukisahihisha mitihani. Kwetu ni baraka, maana nyumba imekaa juu ya mwamba na ukuta wake haujawahi kupata ufa. Mteja halioni hivyo. Yeye huchukua ukubwa wa kiwanja ulioandikwa kwenye hati, akatoa eneo la jiwe, akatoa eneo la ngazi, kisha akataka kulipia kilichobaki. Alikuja bwana mmoja aliyekuwa amekwisha kukubali bei, akamleta mkewe aje aone. Mama yule alipanda ngazi zote bila kusema neno, mtoto mgongoni, alipofika juu akageuka akazitazama zilivyojipinda kati ya mawe, akauliza: “Mgonjwa akizidiwa usiku, hapa anateremshwaje?” Mumewe akamjibu kwamba gari litasubiri chini barabarani. Mama hakuuliza tena, wala hakuingia ndani kutazama vyumba, na mimi nikajua kwamba biashara imekwisha. Miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kupata jibu zuri la swali lile, isipokuwa kwamba majirani hubebana.

Aliyetupa tumaini kubwa zaidi, na kwa hiyo akatuumiza zaidi, ni kijana mmoja mwajiriwa aliyekuwa anategemea mkopo wa benki. Nilifurahi, nikijua kwamba benki haina maneno mengi. Kumbe maneno inayo. Upekuzi ulifanyika kwa Msajili wa Hati, ukaonyesha kwamba nyumba haina deni wala zuio. Mthamini akaja, akapima, akaandika ripoti. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba katika hati, ambayo tuliipata kwa urasimishaji wa makazi na ina majina yetu sote wawili, mke wangu ameandikwa Rejina, ilhali kitambulisho chake cha NIDA kinasema Regina. Herufi moja, Kaijage! Tukaapa kwa wakili kwamba Rejina na Regina ni mtu mmoja, na ndiye huyu anayewapikia chai. Kiapo kikapelekwa, kikakaa. Tulipofuatilia tukaambiwa kwamba afisa mikopo aliyekuwa na jalada letu amehamishiwa tawi lingine, na huyu mpya angependa kuanza na upekuzi mpya, kwa kuwa ule wa zamani umepitwa na wakati. Kijana wa watu akavumilia, akavumilia, mwisho akanunua nyumba ya mtu mwingine huko Buhongwa, mahali ambapo gari linafika mlangoni. Alinipigia mwenyewe kuniomba radhi, jambo ambalo madalali wote kwa pamoja hawajawahi kulifanya.

Usije ukadhani kwamba nazichukia sheria zenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Wewe na mimi tunachouza ni haki ya kumiliki pamoja na maendelezo yaliyo juu yake, na ndiyo maana uhamisho haukamiliki kwa kupeana mikono mbele ya mashahidi. Zipo fomu namba 29, 30 na 35, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na uhamisho wenyewe. Upo ushuru wa stempu wa asilimia 1. Na ipo kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Kwa ajili ya hesabu ya faida hiyo, tafuta stakabadhi zako za saruji, mabati na mafundi kabla hujafanya jambo lingine lolote, kwa sababu gharama isiyo na karatasi ni vigumu kuitetea. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nacho kinakataza nyumba ya ndoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, na sote wawili tunawajua akina mama ambao wangelala nje kama kifungu hicho kisingekuwapo. Kinachonichosha ni namna karatasi hizi zinavyosubiriana. Mnunuzi hatoi fedha hadi aone kibali, kodi nazo zinataka kulipwa kabla ya uhamisho, na muuzaji hana fedha ya kulipia kodi hadi mnunuzi alipe. Hata kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, mteja mmoja alinidai stakabadhi yake. Nikamwonyesha mita.

Wakati huohuo tunaishi katika nyumba ambayo tumekwisha kuiaga. Hilo sikulitarajia. Tangi la maji lilipovuja, tulibishana siku nyingi kama tununue jipya tumwachie mtu mwingine, au tuendelee kukinga kwa ndoo. Mama Neema hataki kusikia habari ya pazia mpya. Vyombo vya wageni vimefungwa kwenye maboksi, na mgeni akija tunafungua boksi, tunampa chai, tunavisuuza na kuvifunga tena kwenye magazeti yaleyale. Na kule Sengerema, tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi Juni, kila muuza kiwanja analitaja daraja kabla ya kutaja bei, kiasi kwamba kile kiwanja tulichokuwa tumekichagua hakingojei kwa bei ya zamani.

Sasa tuje kwenye la Nyamukazi. Kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unauza, pima umbali kutoka ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wanunuzi wa siku hizi, hasa wanaoshauriwa na mawakili, wanaliuliza hilo mapema. Ulipojenga ulikuwa mbali na maji, nakumbuka, lakini ziwa la mwaka 2020 na la mwaka 2024 silo lile tulilokuwa tukioga tukiwa vijana. Maji yalipanda yakaingia katika viwanja vya watu huku na huko. Mwite mpima, akupe jibu la maandishi. Pili, nyufa zilizoachwa na tetemeko la Septemba 2016 usizizibe kimyakimya. Kila mtu anayenunua nyumba Bukoba anajua la kutafuta, na ufa uliofichwa ukigunduliwa humfanya mteja afikiri kwamba umeficha na mengine. Mwonyeshe, umweleze fundi alifanya nini.

La tatu ni ndugu. Nyumba ya Nyamukazi si kibanja cha ukoo, yaani shamba la urithi wa ukoo, lakini mnunuzi kutoka mbali hajui tofauti, na atataka kusikia kutoka kwa kaka zako. Sheria iko upande wako. Unaikumbuka ile hukumu ya mwaka 1990, ambapo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu hapahapa Mwanza alisema kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Hata hivyo mama yule aliuza kwanza, ndipo mpwa wake akaenda kudai ardhi irudishwe, na shauri likapanda kutoka mahakama moja hadi nyingine. Mnunuzi wako hatataka kununua nyumba pamoja na safari ya namna hiyo. Itisha kikao cha familia, waandike muhtasari, wasaini, na uuweke pamoja na hati.

Kwa upande wetu, hivi sasa yupo mteja ambaye sithubutu kumwita mnunuzi. Ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mtu wa makamo, si msemaji, na ngazi hazikumtisha kwa sababu amezaliwa kwenye mawe ya Igogo. Neno la ukutani alilisoma, akacheka, akasema kwake ataliacha libaki. Tumeandikishana mkataba kwa wakili: amelipa sehemu ya kwanza, iliyobaki atalipa kwa awamu, hati imekaa kwa wakili, na funguo hazitoki mikononi mwetu hadi shilingi ya mwisho. Shida ni kwamba fedha yake inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, mzigo haushuki, na simu yake haipokelewi. Nimeanza kutazama angani jioni kabla ya kumpigia. Awamu ya pili ilichelewa, lakini ilifika yote, bila kupungua, naye alikuja nayo mwenyewe. Fomu zimekwisha kujazwa na kuwasilishwa, safari hii Rejina akiwa ameambatishwa kiapo chake.

Kwa hiyo mwambie shemeji yako mwenye lori asitufungie safari bado. Kama malipo yatafuata mkataba, tutahitaji gari mwanzoni mwa Desemba, na nitamwarifu mapema ili anipangie bei ya kirafiki, si ile ya msimu wa sikukuu. Wewe niletee majibu ya mpima mara utakapoyapata, pamoja na nakala ya hati ya Nyamukazi, ili nimwonyeshe wakili wetu; ni mtu makini na hatozi kwa kutazama tu. Na hakikisha kwamba jina la mkeo kwenye hati linalingana, herufi kwa herufi, na lile la kitambulisho chake.

Mama Neema anasema mtutumie kahawa, ile tuliyoletewa mwaka jana imekwisha.

Ndimi ndugu yako,
Mabula