Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali yetu: Nipe tarehe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam, na pole kwa majukumu. Hongera pia kwa lile bango la mashine ya PET, ile ya kupiga picha za saratani mwilini, pale getini. Linasomeka hata ukiwa kituo cha daladala.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 19 mwenye saratani iitwayo limfoma ya Hodgkin. Alhamisi mlituita. Alikuwa hajala tangu saa mbili usiku kama mlivyoagiza, maana dawa yenyewe ya kipimo ni sukari iliyotiwa mionzi, na chakula huivuruga. Akakaa kwenye benchi, karatasi ya kipimo kaiviringisha mkononi mpaka imelowa jasho. Saa tisa alasiri muuguzi akatoka: "Dawa haijafika. Nendeni, tutawapigia." Hii ni mara ya tatu. Simu haijawahi kulia.

Daktari wake, Mungu ambariki, alinichorea nyuma ya bahasha. Limfoma ni saratani ya seli za kinga, askari wa mwili walioasi. Hao hula sukari kwa pupa, ndiyo maana kwenye PET wanang'aa. CT, picha ya eksirei ya kompyuta, huonyesha uvimbe tu, haikwambii kama ni kovu au ugonjwa ulio hai. Kipimo kilitakiwa baada ya mizunguko miwili ya kemo, ijulikane dawa zipunguzwe au zikazwe. Mwanangu kamaliza minne. Tunapapasa.

Wenzetu Marekani wameshafika mahali pa kufunga zirkoni-89, chembe ya mionzi, kwenye kingamwili, protini za kinga zinazonasa seli, ili wawaone askari watiifu, seli T, wakiingia kwenye uvimbe. Sisi tunangoja sukari.

Nasikia ndege ya dawa ilichelewa. Wengine wananong'ona kuna deni. Lolote liwalo, florini-18, ile mionzi ya kwenye sukari, hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110; ikikwama uwanja wa ndege kwa muda wa saa nne, inabaki chini ya robo. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana siku ya kukata utepe ulituahidi saiklotroni, mtambo wa kutengeneza mionzi hiyo, hapa hapa, "kabla ya masika". Masika mawili yamepita, Mheshimiwa. Au ulikuwa na masika mengine?

Wakubwa wakiugua hupanda ndege kwenda India. Mimi nimeshauza friji na cherehani, na kiwanja kilichobaki hakitufikishi huko.

Sikuombi pesa. Nipe tarehe. Si "hivi karibuni", si "mchakato unaendelea". Tarehe, nijue ni usiku upi nimnyime mwanangu chakula.

Mama wa mgonjwa,
foleni ya Alhamisi