Gari la haibridi liuzwe na vipimo vya betri yake

Mhariri,

Kuna msomaji wako aliyeandika katika ukurasa huu akiwashauri watu wakae mbali na magari ya haibridi yaliyotumika, yaani yale yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa, kwa hoja kwamba betri kubwa ikifa, basi gari nalo limekufa. Mimi ni fundi umeme wa magari, na magari hayo ndiyo yanayonipa riziki. Hofu yake naielewa. Nimepokea wateja walionunua gari safi, rangi inang'aa, viti havina doa, na kabla hawajalizoea taa ya hitilafu ikawaka, wakatajiwa bei ya betri iliyowatoa jasho. Lakini hitimisho lake nalikataa. Magari haya ni imara. Kibaya ni namna tunavyouziana bila kupima kitu kilichobeba sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Teknolojia hii si ya jana. Prius ya Toyota iliingia sokoni Japani Desemba 1997, na nchi nyingine zikaanza kuipata mwaka 2000. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani lilichukua Prius ya mwaka 2002 iliyokwisha kutembea maili 206,000, yaani zaidi ya kilometa 330,000, ikiwa bado na betri iliyotoka nayo kiwandani. Ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawa kabisa na wa gari la aina hiyohiyo ambalo jarida hilo lilikuwa limelipima likiwa jipya: kilometa 17 na ushee kwa lita. Na katika utafiti wake wa mwaka 2023 miongoni mwa wamiliki, haibridi za kawaida zilikuwa na matatizo pungufu kwa asilimia 26 kuliko magari ya injini pekee.

Anayefungua boneti ya magari haya kila siku hashangazwi na hilo. Katika mpangilio wa Toyota hakuna stata wala alteneta ya kuungua, na giaboksi ni seti ya gia zinazozungukana, haina mkanda wala klachi ya kulika. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kulipunguzia gari mwendo, kwa hiyo pedi zinadumu kiasi ambacho wateja wengine huniuliza kama kweli nimezitazama. Si haibridi zote zilizoundwa hivyo, zipo zenye klachi mbili na zina maradhi yake, kwa hiyo mnunuzi aulize gari analolitaka limeundwaje.

Sasa betri yenyewe. Ile ya Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28, yaani betri ndogondogo, kila moja volti 7.2, zimeungwa kwa mfululizo hadi kufikia volti 201.6. Ndani ya kila moduli mna seli sita. Kwa kuwa zimeungwa kwa mfululizo, moduli moja ikidhoofika inazivuta nyenzake zote, na kompyuta ya gari inaona betri nzima ni mbovu hata kama nyingi bado zina nguvu. Kompyuta hiyohiyo huilinda betri isijae kabisa wala isiishe kabisa, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kudumu kwake.

Adui mkubwa ni joto. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, na wamiliki wengi hawajawahi kuambiwa kwamba tundu hilo lipo. Nina mteja aliyevalisha viti vyake vitambaa vizuri sana, vimeshonwa kwa vipimo, vikaliziba tundu lote. Feni nilipoifungua ilikuwa imefunikwa na vumbi lililogandamana na nyuzi hadi mapanga hayaonekani. Betri yake iliokoka kwa kuwahiwa. Kusafisha feni hiyo ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kununua betri, na bado katika magari mengi ninayopokea hakuna aliyewahi kuigusa.

Pia si kila taa inayowaka ni msiba. Msimbo P0A80, unaoashiria hitilafu ya betri kubwa, ukitokea kwenye mashine ya kupimia, mafundi wengine hutamka papo hapo kwamba betri ibadilishwe. Mara nyingine tatizo ni vipande vya shaba vinavyounganisha moduli, vimeota kutu ya kijani na vipimo vinakuja vya uongo. Na lipo gari linaloletwa likiwa limevutwa, mwenyewe kakata tamaa, kumbe iliyokufa ni betri ndogo ya volti 12 inayowasha kompyuta. Namwomba kila mwenye haibridi: usikubali hukumu ya betri kubwa kabla hujaonyeshwa vipimo vya kila jozi ya moduli, gari likiwa linafanya kazi.

Kuna na upande wetu mafundi, na hapa nasema kwa uchungu. Kompresa ya kiyoyozi katika magari haya huendeshwa na mota ya umeme wenye volti nyingi, na inahitaji mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme. Fundi anayejaza gesi pamoja na mafuta ya kawaida anaharibu kinga hiyo, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi, na lawama inaangukia betri. Vijana wanaojifunza kwangu huanza na nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa betri kubwa: haziguswi mpaka plagi ya usalama inayoukata umeme huo imeng'olewa, dakika kumi zimepita ili kapasita, vifaa vinavyobaki na umeme, zijimalize, na glovu za umeme zimevaliwa. Atakayeruka hatua hizo anaweza kufa. Serikali popote zingepaswa kudai cheti kwa kazi hii.

Kuhusu gharama, napenda mtu apige hesabu yake kabla ya kununua. Haibridi inaokoa mafuta zaidi mahali penye foleni, kusimama na kuondoka, kwa sababu hapo ndipo mota inapobeba mzigo na breki inaporudisha umeme. Anayeshinda kwenye barabara kuu kwa mwendo mmoja atapata nafuu ndogo. Betri nayo ihesabiwe kama tairi: inalika, ina mwisho, na bei yake igawanywe kwa kilometa tangu siku ya kwanza. Atakayebadilishiwa moduli moja mbovu kwa nyingine kuukuu aelewe kwamba amenunua muda tu, maana iliyowekwa hailingani na zilizobaki, na punde itafuata nyingine.

Haibridi za kuchomeka, zile ambazo betri yake huchajiwa pia kwa umeme wa ukutani, nazitenga na hizi. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba barabarani zinatoa hewa ukaa kwa wastani mara 3.5 ya kiwango kilichopimwa maabara, na sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawazichaji inavyotarajiwa. Ni mzigo wa mifumo miwili kamili, na ule utafiti wa Consumer Reports wa 2023 uliziona na matatizo zaidi kwa asilimia 146 kuliko magari ya injini pekee. Asiye na mahali pa kuchaji pa uhakika, mimi simshauri.

Wanaosema haibridi inapita tu wakisubiri magari ya umeme, nawaomba watazame kalenda. Uingereza inapanga kusimamisha uuzaji wa magari mapya ya petroli na dizeli pekee mwaka 2030, lakini haibridi imeziachia hadi 2035. Camry ya Toyota inayouzwa Marekani kuanzia toleo la 2025 ni haibridi tu. Gari litakaloondoka kiwandani mwaka 2034 litakuwa bado linatembea miaka ya 2050, katika mkono wa tatu au wa nne, na mtu huyo atahitaji moduli, feni, inveta inayougeuza umeme wa betri uendeshe mota, na fundi anayejua. Betri mpya nyingi sasa ni za lithiamu, na ninachohofia ni watengenezaji kuzifunga kwa programu ili zisikubali kipuri wala fundi asiye wao. Hilo likiruhusiwa, magari mazima yatatupwa kwa sababu ya kipande kimoja.

Kwa hiyo nina ombi kwako, Mhariri. Katika ukurasa wa matangazo ya magari, pale penye mwaka wa gari na kilometa, kwa kila haibridi iongezwe mistari miwili: betri ni ya mwaka gani, na tofauti ya volti kati ya jozi yenye nguvu kuliko zote na iliyo dhaifu kuliko zote, gari likiwa limewashwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Picha ya skrini ya mashine, yenye tarehe, inatosha kuwa ushahidi. Kazi yote haifiki saa moja.

Fundi umeme wa magari,
msomaji wako