Kipimo cha damu cha sonona bado kabisa

Mhariri,

Makala yenu kwamba sonona (depression) sasa inaonekana kwenye damu ilinifikia maabara kabla sijaisoma. Mgonjwa alitoa gazeti mkobani akaniuliza, "Hiki kipimo mnacho? Shilingi ngapi?" Nikamwambia hatuna. Kumweleza sababu nilishindwa, foleni ilikuwa imefika nje.

Mlichoandika si uongo. Mitokondria, zile injini za seli, zina vinasaba vyake zenyewe, jeni 37 tu, tunavyorithi kwa mama. Asili yake ni bakteria waliohamia ndani ya seli zama za kale, kwa hiyo vikimwagika kwenye damu, kinga ya mwili huvidhania vijidudu na kuanza vita. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden na Marekani walivikuta kwa wingi kwenye damu ya wenye sonona. Mwaka huohuo wenzao wa Japani wakakuta wenye sonona wanavyo pungufu. Hilo la pili sikuliona kwenye makala.

Majibu yakigongana hivyo, sisi watu wa maabara tunaanza kuishuku tyubu. Damu ikichelewa mezani kwa joto hili letu, seli zinapasuka zenyewe na kumwaga vinasaba. Isipozungushwa vizuri kwenye mashine, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinabaki na jibu linapanda. Na mwenye damu je? Katika jaribio la mwaka 2019, watu wazima wenye afya walitakiwa kujitetea ghafla dhidi ya tuhuma ya wizi dukani. Nusu saa baadaye kiwango cha vinasaba hivyo katika damu yao kilikuwa zaidi ya maradufu. Wagonjwa wangu mimi wanafika wametoka kugombana kwenye dirisha la bima.

CRP, protini ya kwenye damu inayoonyesha mwili unapambana, nayo hupanda kwa malaria, nimonia, hata jino bovu. Ina maana yake, sikatai. Huko Atlanta, mwaka 2013, wagonjwa 60 ambao sonona yao ilikuwa sugu kwa dawa walijaribiwa dawa ya kutuliza mapambano hayo. Kwa jumla haikuishinda dawa bandia, ila waliokuwa na CRP ya zaidi ya miligramu 5 kwa lita walielekea kupata nafuu. Basi huenda wapo ambao sonona yao inachochewa na mwili kuwaka ndani kwa ndani, na wengine wala.

Ninayemfikiria ni mama mmoja aliyeletwa kwangu mara tatu ndani ya miezi miwili: kichwa, mwili kuuma, kuchoka. Malaria hamna, taifodi hamna, mkojo safi. Mara ya tatu, nikimfunga mpira mkononi, akasema taratibu kwamba halali tangu mwezi wa Ramadhani na chakula hakipiti. "Mnanipima kila siku, mbona hamwoni kitu?" Kwenye fomu yake hapakuwa na neno hata moja kuhusu usingizi.

Yapo maswali tisa ya kuchunguza sonona, yaitwayo PHQ-9, na ya Kiswahili yapo. Yanauliza usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa, na kama mtu amewaza kujidhuru. Hayahitaji sindano wala friji, ni dakika chache za mtu aliyefundishwa kuyauliza. Mngeyachapa pembeni ya makala ile, yule mwenye gazeti angekuwa na kitu cha kumwonyesha daktari. Nafasi mnayo, ukurasa ule nusu yake ilikuwa picha ya darubini.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro