Anayetaka chuo kikuu atoe chake kwanza

Mhariri,

Siku hizi kila mwanasiasa akipanda jukwaani anadai chuo kikuu cha umma mkoani kwake. Sipingi, nina wajukuu. Nauliza tu: yeye anatoa nini?

Oktoba 25, 1961, siku 45 kabla ya Uhuru, masomo ya chuo kikuu yalianza Dar es Salaam kwa kitivo kimoja, Sheria, na wanafunzi wasiojaza daladala. Mlimani walihamia 1964. Mwanzoni walisomea Lumumba, katika jengo la TANU. Chama kilikuwa kimejijengea nyumba, kikaiachia chuo. Mwombaji aliyekwisha kutoa chake husikilizwa hata na mwenye fedha mgumu.

Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nacho, mwaka 2007, kilianzia Chimwaga, ukumbi uliokuwa wa CCM. Hapo sina neno. Lakini majengo yaliyotanda kule yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa makubaliano kwamba Serikali italipa. Miaka ikapita, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, akawa anaandika deni, ripoti hadi ripoti. Mimi nilikuwa mwalimu, nikikatwa kila mwezi. Sijutii makato yetu kujenga chuo. Mtoto wa dada yangu kasoma palepale. Kinachouma ni kwamba hatukuulizwa, na waliopigiwa makofi si waliokatwa.

Sasa tuna HEET, mradi wa elimu ya juu kwa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia, unaopeleka matawi mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepata Lindi, Mzumbe wamekwenda Mkinga. Majengo tutayaona. Lakini mradi ukishafungwa, mishahara ya wahadhiri na umeme wa maabara vitasubiri bajeti ya Serikali kila mwaka, na huko foleni ni ndefu.

Kwa hiyo mbunge anayetaka chuo asimame wakati wa bajeti ya Wizara ya Elimu, aseme fungu gani lipunguzwe ili chuo chake kiishi. Na halmashauri yake ilipe fidia kabla tingatinga halijafika. Kwetu eneo limetajwa jukwaani zaidi ya mara moja. Wenye mashamba bado wanapanda alizeti humo, kila msimu wakiulizana kama ndio wa mwisho.

Mwalimu mstaafu,
Singida