Mwanangu, usikope tena ili ulipe deni

Ugonile baba. Huku Kiwira tuko salama, bibi yako miguu bado inamsumbua hasa baridi ikikaza ila anakula vizuri na kila siku anakuulizia. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga, maana kwenye simu nikianza tu habari ya madeni unasema mama nitakupigia baadae niko na mteja, na mimi nataka haya uyasome taratibu, tena ikiwezekana uyasome na mkwe wangu akiwa amekaa hapo pembeni yako.

Kwanza kuhusu ile meseji. Najua kilichokuuma zaidi sio hata hela, ni kwamba wale wa mkopo wa kwenye simu walituma meseji kwangu, kwa mjomba wako, mpaka kwa mchungaji, wakikuita tapeli. Baba, mimi sikukuonea aibu na sitakuonea. Wale wanachukua namba zote za kwenye simu yako siku unapopakua programu yao na kubonyeza kubali kubali bila kusoma, alafu ukichelewa siku 2 wanawatangazia watu. Tena hiyo tabia imekatazwa. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, na ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwahiyo hizo meseji zitunze usizifute, nitakwambia za nini huko mbele.

Sasa hili uliloniomba, la kuweka hati ya shamba benki ili ukope ulipe madeni. Nimelifikiria usiku kucha na jibu langu ni hapana. Lile shamba ndo linamsomesha mdogo wako na ndo dawa za bibi yako, ndizi zinatoka kila wiki na parachichi ndo kwanza zimeanza kuzaa. Ila hata kama shamba lisingekuwepo kwenye hesabu, bado ningekataa. Miaka yote hii nimeshika daftari la kikundi chetu cha kuweka hisa na kukopeshana, nimeona watu wanavyoingia kwenye madeni na nimeona wanavyotoka, na sijaona hata mmoja aliyetoka kwa kukopa kwingine. Anakopa huku analipa kule, kwa wiki mbili anapumua, anaona kama mambo yamekaa sawa, mwezi ukiisha deni limekuwa kubwa kuliko la mwanzo na mlango wa kukopa mmoja umefungwa. Watu wanasema dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini kulipa kwa hela gani? Kwa hela uliyoipunguza kwenye matumizi yako mwenyewe. Hapo ndo nataka tukae mimi na wewe.

Karatasi uliyoniandikia ulipokuja inasema hivi: kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, bado marejesho 6 ya 65,000 kila wiki, hiyo ni 390,000. Zile programu mbili za simu 120,000. Duka la jirani 85,000. Mwenzako wa kazini 200,000. Jumla 795,000. Nilivyoijumlisha nilishusha pumzi baba, maana kwa ulivyokuwa unaongea na ulivyokonda nilidhani ni mamilioni. Haiwezi kukuua hii. Kinachokumaliza ni kwamba ulikuwa hujawahi kuiandika yote mahali pamoja, ukawa unaikimbia kwa vipande, huyu akipiga unazima simu, yule akija dukani unajificha stoo.

Hebu nikuonyeshe hiyo kausha damu ilivyo. Ulichukua laki 5 unarudisha 650,000 kwa wiki 10, yani riba 150,000. Afisa maendeleo alipokuja kutufundisha kwenye kikundi alitueleza kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni zake za 2019, na kwamba hawa wakopeshaji wadogo riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya laki 5 ni 17,500. Kwa miezi miwili na nusu inakuwa 43,750. Wewe umetozwa 150,000, zaidi ya mara 3, na hapo bado hujaniambia ile hela ya fomu waliyokukata kabla hujapewa mkopo wenyewe. Na hizo programu za simu uliniambia mkononi mwako iliingia 85,000 tu, na wiki mbili baadae wanadai 120,000. Uliposema mama riba yao ndogo, ulikuwa unaangalia ile namba ndogo waliyokuandikia pale juu, hukuangalia siku.

Haya sasa matumizi. Hapa naomba usikasirike, mimi ndo nimekuzaa.

Boda kwenda na kurudi kazini 3,000 kwa siku 26 ni 78,000. Chakula cha mchana pale kwa mama lishe pamoja na soda 3,000, nayo 78,000. Bando la 1,000 kila siku ni 30,000. Jumla 186,000. Mshahara wako ni 450,000 baba! Zaidi ya theluthi ya mshahara inaisha kwa vitu ambavyo ukiulizwa jioni umenunua nini leo unasema sijanunua kitu. Na hapo sijagusa mkeka wa kubeti. Mkeka nauacha bila kuuwekea hesabu maana hukuniandikia, ila mkwe wangu ameniambia, na usimgombeze kwa kuniambia. Futa hizo programu za kubeti leo, sio kesho, na laini inayounganishwa nazo uitoe. Mtu mwenye deni akibeti anabeti hela ya mtu mwingine.

Mapato yenu ni 450,000 yako na mwenzako kwenye cherehani anapata kama 120,000 mwezi wa kawaida, hiyo 570,000. Nimepanga hivi na nyie mtarekebisha. Kodi wekeni pembeni 60,000 kila mwezi msisubiri miezi 6 ifike mwenye nyumba agonge mlango ndo muanze kutafuta. Chakula 150,000. Umeme na maji 20,000, mkaa 25,000. Bajaji badala ya boda, 1,200 kwa siku ni kama 31,000, na kukiwa hakuna mvua asubuhi tembea, Ilemi mpaka Mwanjelwa ni hapo hapo mjini, sio mbali kama Chunya. Bando la mwezi la 10,000 liwatoshe. Mtoto shule 20,000, na dharura 20,000. Hiyo yote inafika 336,000, inabaki 234,000. Hiyo inayobaki sio yenu, ni ya madeni, ikiingia inatoka siku hiyo hiyo kabla haijalala ndani.

Chakula 150,000 najua mtasema hakitoshi. Kitatosha kwa sababu mbili. Moja, mimi nitawatumia kila wiki mbili ndizi, viazi na maharage kwenye Coaster, hela sitakutumia ila chakula hamtakosa nikiwa hai. Pili, acheni kununua kwa kupima. Unga wa kilo moja moja na mkaa wa kopo unaonekana rahisi kwa sababu unatoa 1,500 au 2,000, ukijumlisha mwezi mzima umelipa zaidi ya mwenye gunia. Wakati wa mavuno kuanzia mwezi wa 6 mahindi bei inashuka huku kwetu nyanda za juu, tafuteni hata mtu mmoja mgawane gunia, mkasage wenyewe. Mkaa hivyo hivyo. Na wali wa Kyela najua unaupenda toka mtoto, kwa miezi hii uwe wa Jumapili. Mchana beba chakula kwenye hotipoti, wenzako wakicheka wacheke, mwezi ukiisha wanakuja kukukopa wewe.

Kuna vitu sijakata na msivikate. Maziwa ya mtoto. Ada. Bima ya afya kama mnayo msiiache ikaisha muda, maana ugonjwa mmoja tu ndo unamrudisha mtu kwa kausha damu, wengi kwenye kikundi chetu waliingilia hapo. Na misiba. Msiba uende, hata kama mkononi una 2,000, nenda ukakae na watu, ukabebe maji na kuni, hakuna mtu kwetu atakayekuhesabia. Lakini kadi za harusi na sendofu baba, hapana. Umeniambia una kadi tatu za 50,000 mezani. Waandikie wanakamati vizuri tu, kwamba mwaka huu hali yangu hairuhusu nitatoa 10,000 na nitasaidia kazi siku ya shughuli. Anayekupenda ataelewa, na asiyeelewa alikuwa anahitaji kadi irudi na hela.

Kuhusu ile sabufa. Mwenyewe ulisema kuna mtu alitaka kuinunua 150,000. Iuze. Ukipata hiyo 150,000 lipa programu zote mbili za simu siku hiyo, 120,000, chukua meseji ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, ipige picha, ndo ufute programu. Naanza na hizo kwa sababu ndo zinazokua haraka na ndo zinazokuchafulia jina. Inabaki 30,000, unajumlisha na ile 234,000 ya mwezi inakuwa 264,000, na kausha damu kwa mwezi wa wiki 4 anataka 260,000. Umeona? Inatosha bila kukopa popote. Mwezi wa pili unamalizia marejesho mawili 130,000 na dukani 85,000, ni 215,000, na ile inayobaki unaiweka kwa ajili ya mwenzako wa kazini. Mwezi wa tatu unamlipa 200,000 yake. Mambo yakiyumba, cherehani ikikosa wateja au mtoto akiugua, basi ni miezi 4. Sio miaka.

Ila usisubiri mwezi wa tatu ndo uongee na mwenzako. Nenda kwake kesho, mwambie nadaiwa na wewe 200,000, sijasahau, nitakulipa mwezi fulani tarehe fulani, na mwenye duka mwambie hivyo hivyo na muache kabisa kuandikisha kwenye daftari lake, hata chumvi nunueni kesh. Mtu anayekudai anakasirika kwa kukimbiwa kuliko kucheleweshewa. Mimi kwenye kikundi mwanachama akija mwenyewe kabla ya siku ya rejesho kusema amekwama tunakaa tunampangia upya, anayezima simu ndo tunamfuata kwake.

Kwa kausha damu usiende peke yako, nenda na mkeo au na mjomba wako. Omba kuona mkataba uliosaini, omba kila rejesho ulilolipa liandikwe na upewe risiti, na uulize kama wana leseni. Wakikutisha kubeba makochi na TV kama walivyomfanyia yule jirani yenu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, na BoT wana tawi hapo hapo Mbeya mjini, wanapokea malalamiko ya wakopeshaji, huko ndo upeleke na zile meseji nilizokwambia usifute. Usiwatukane lakini. Ulichukua hela yao na utairudisha, unachotaka ni haki kwenye hesabu.

Mkwe wangu usimfiche kitu chochote tena. Kama hajui habari ya mwenzako wa kazini, mwambie leo. Amekuwa akiweka hisa kwenye kikundi chao hapo mtaani kwa jasho la cherehani, alafu wewe unalipa riba ya laki na nusu kwa mtu usiyemjua, hivi kama angejua toka mwanzo si angekopa kule kwenye kikundi? Kule riba inabaki ndani na mwisho wa mwaka mnagawana. Lakini nisikilize vizuri, sisemi aende akakope sasa kulipa madeni yako. Hisa zake zisiguswe. Nasema mkishamaliza, na wewe uingie kwenye kikundi, uanze na hisa kidogo unayoiweza, na ile 234,000 mliyozoea kuishi bila kuiona msianze kuila, hata laki moja iende hisa na dharura.

Nunueni daftari la kawaida la 1,000, kila jioni muandike kilichoingia na kilichotoka, hata pipi ya mtoto. Wiki ya kwanza utaona ni usumbufu, andika hivyo hivyo. Jumapili jioni nipigieni tusome pamoja, mimi nitakuwa na langu la kikundi hapa, sitagomba, nitauliza tu.

Mzigo wa kwanza naupakia Ijumaa asubuhi: mikungu miwili ya ndizi, debe la viazi na maharage kilo 5. Mwambie konda unashushia Kabwe, nauli ya mzigo nimeshalipa huku usilipe tena. Na gunia tupu unirudishie, nina lile moja tu zuri.

Mama yako.