Usiisugue Sarafu Hiyo Kabla ya Kutuletea

Ukirudishiwa chenji sokoni ukakuta humo senti ya kigeni, nyeusi na imechakaa, usiisugue. Majivu, ndimu, mchanga, dawa ya meno, stilwaya: vyote viache. Wateja wengi wa duka letu la kununua sarafu za zamani hapa Mtwara mjini hutuletea sarafu inayong'aa, nasi hatuna budi kuwaambia kwamba wameipunguzia bei wenyewe. Inatuuma kila mara.

Ule weusi au ukahawia ni ngozi ya shaba, imejijenga taratibu miaka mingi na inakinga kilicho chini yake. Ukiisugua, unaondoa pia michoro midogo na herufi, na kwenye kioo cha kukuzia mikwaruzo inaonekana yote. Mkusanyaji anayejua kazi yake ataikataa. Ikiwa na udongo, itumbukize kwenye maji safi, itoe, iache ikauke yenyewe.

Zinazotufikia zaidi ni za Msumbiji, kwa kuwa mto Ruvuma, ulio mpakani, si mbali. Metikali za kabla ya 2006, mwaka ambao sufuri tatu zilikatwa, hazinunui kitu tena, na kwa wakusanyaji nazo ni za bei ndogo. Senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati na pembe za ndovu zipo nyingi mno, basi usizitarajie makubwa. Shilingi yenye simba ndiyo ya kutazama mwaka: iliyotengenezwa hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha, ya kuanzia 1948 haina madini hayo kabisa. Hata penny pana za Uingereza, zilizoacha kutumika 1971, huibuka kwenye makopo ya mabibi.

Za Mjerumani tunazipenda sana. Heller, yaani senti za rupia ya Mjerumani, zenye herufi T na mwaka 1916 zilitengenezwa Tabora wakati wa vita, kwa haraka, na haraka hiyo unaiona kwenye kingo zake. Rupia ya fedha yenye Kaisari aliyevaa kofia yenye ndege tai juu yake ina uzito wa gramu 11.66, tunaipima mbele yako, maana za bandia ni nyingi. Anayekuambia rupia ina nguvu za ajabu na inauzwa mamilioni, ndugu, anataka hela yako.

Kuna tusizonunua kabisa: zile ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, za masultani wa Kilwa. Chache ziliokotwa 1944 visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ndivyo zilivyosafiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo ukiokota moja Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, iache ilipo na uwaarifu wasimamizi wa magofu.

Nyingine zote zilete, kila moja kwenye karatasi yake zisigongane. Kuangalia na kupima hatutozi, na usipotaka kuuza unarudi nayo nyumbani.