Matunda yaliyokaushwa huharibikia kwenye chupa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaokausha matunda nyumbani kwa mashine ya umeme. Lalamiko ni lile lile: vipande vilitoka vikavu, vikatiwa kwenye chupa, baada ya wiki mbili vikaota ukungu. Lawama huangukia mashine, ilhali mara nyingi kosa ni joto kali na haraka ya kuhifadhi.

Matunda hutaka joto la nyuzi 57 za Selsiasi au karibu na hapo. Ukipandisha hadi 70 ili umalize mapema, uso wa kipande hukauka upesi na kufanya gamba, na maji ya ndani yanakosa pa kutokea. Ukigusa ni kikavu, kumbe ndani bado kibichi.

Kata vipande vya unene wa milimita 6 hivi, vyote sawa, uvipange bila kupandana ili hewa ya feni ipite. Trei zibadilishane nafasi, kwani iliyo karibu na feni hutangulia kukauka. Na tafadhali, usiongeze matunda mabichi wakati mengine yamekaribia kukauka. Mvuke wake utayarudishia unyevu. Matufaha na ndizi, zisigeuke rangi, loweka dakika 10 katika maji na juisi ya limau kwa vipimo sawa. Zabibu nzima ina ngozi yenye nta inayozuia maji kutoka, kwa hiyo ichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi, ngozi ipate nyufa.

Saa zilizoandikwa kwenye kijitabu cha mashine ni makisio tu. Matufaha yanaweza kuchukua 6 au 12, kutegemea unene, ukomavu na unyevu wa hewa. Kinachoamua ni kipande chenyewe. Kitoe, kiache kipoe kabisa, maana tunda la moto huwa laini na huwezi kulipima. Kikate katikati na ukibonyeze: lisitoke hata tone. Kikunje: kisijinatie.

Hapo ndipo wengi hufunga chupa na kuisahau kabatini. Matunda yaliyokaushwa vizuri bado hubaki na maji kama asilimia 20, na hayalingani kipande kwa kipande. Jaza chupa ya kioo theluthi mbili bila kushindilia, funga, uiache siku 7 hadi 10 huku ukiitikisa kila siku, ili vipande vikavu vinyonye unyevu wa vile vibichi. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha yote kwenye mashine. Ukiona ukungu, tupa chupa nzima. Kuchagua vilivyo safi ni kujidanganya.

Baada ya hapo gawa katika chupa ndogo, kwa sababu kila ukifungua hewa yenye unyevu huingia, na uziweke gizani. Kwenye nyuzi 16 matunda hukaa hadi mwaka mmoja. Kwenye 27, nusu ya muda huo.

Watengenezaji wa mashine hizi hujaza vijitabu vyao orodha za saa. Nawaomba waandike pia, kwa herufi kubwa, habari ya zile siku 7 hadi 10 za kutikisa chupa.

Msomaji wenu